KUTOKA RUBONA HADI NKAMIRA: HISTORIA YA KUPOKELEWA KWETU



Kamati imeniomba niandike kidogo juu ya nyumba yetu ya msaada, ile iliyo karibu na bomba la maji, kwa kuwa inatengenezwa upya ili watu wanaokuja na shida zao wapokelewe vizuri zaidi. Nilidhani ni kazi ya ukurasa mmoja. Lakini kila nilipojaribu kueleza kwa nini mlango unahamishwa, au kwa nini tunataka chumba cha kufungwa, nilijikuta narudi nyuma mpaka Gisenyi, mpaka Rubona kwenye ziwa, mahali ambapo baadhi yetu tulipokelewa mara ya kwanza. Basi nimeona niandike historia hiyo. Vijana mliozaliwa kambini mtasoma mambo ambayo labda hamkuambiwa nyumbani.

RUBONA

Asiyeijua Rubona namweleza. Ukitoka mjini Gisenyi, ambao leo unaitwa Rubavu, ukafuata barabara ya kandokando ya Ziwa Kivu kuelekea kusini, kilomita chache tu, unafika kwenye ghuba ndogo. Kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichoanza mwaka 1957. Kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, ambayo watu huenda kuyaoga kwa ajili ya maumivu ya viungo. Na kuna wavuvi wa sambaza, ambao mitumbwi yao hufungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, nao hutoka jioni na taa zao wakipiga makasia kwa nyimbo. Sambaza wenyewe si wenyeji wa ziwa lile. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea, wakazaana, na leo hakuna anayewauliza walitoka wapi.

Mimi nilifika pale mwaka 1996, nikiwa kijana mdogo, tukitokea Masisi. Mama mmoja muuza sambaza alitukuta tumekaa chini ya mti na mizigo yetu, akatuchukua watu sita. Nakumbuka jinsi alivyopanga mambo. Yalitangulia maji ya kunawa, tukaonyeshwa pa kukaa, kikaja chakula, na maswali yakangoja asubuhi. Usiku ule hakutuuliza hata majina. Siku iliyofuata tulikwenda kuandikishwa, na huko mambo yalipangwa kinyume: maswali, foleni, maswali yale yale kwa karani wa pili, na maji mwisho kabisa. Sisemi haya kwa kulaumu. Yule mama alikuwa na wageni sita, karani alikuwa na watu maelfu. Ila tofauti ile nimeibeba miaka yote hii, na ndiyo ninayoifuata katika maandishi haya.

MIAKA YA 1994 NA 1996

Mpaka wa Gisenyi na Goma ni mstari tu uliopita kati ya nyumba na nyumba. Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, serikali iliyoyaendesha iliposhindwa vita, watu wapatao 850,000 walivuka mstari huo kuingia Goma kwa muda wa siku tano hivi. Walikuwemo raia wa kawaida, wazee na watoto, na walikuwemo pia askari na wanamgambo waliokuwa wameua. Kipindupindu kilizuka siku chache baadaye. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, haichimbiki choo wala kaburi, na maji yaliyokuwa karibu ni ya ziwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000.

Mashirika yaliyokuwa pale yalikuwa mengi, kila moja na bendera yake, na mengine hayakujua kazi. Aibu ile ndiyo iliyosukuma kuanzishwa kwa mradi wa Sphere mwaka 1997, ili viwepo viwango ambavyo shirika lolote lisishuke chini yake: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, mita za mraba 3.5 chini ya paa kwa kila mtu. Ndugu yangu mkimbizi, ukimsikia mfanyakazi wa shirika akizitaja namba hizo kwenye mkutano, ujue kwamba kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye mawe yale, hatua chache ng'ambo ya Gisenyi. Hata foleni ya bomba imewekewa kikomo, dakika 30. Foleni ya ofisi kila ofisi hujipangia yenyewe.

Miaka miwili baadaye umati uligeuka. Kambi ya Mugunga ilivunjika kwa vita, na kuanzia tarehe 15 Novemba 1996 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walirudi kwa miguu kupitia Gisenyi, kwa siku chache tu. Mpango ulikuwa wasimamishwe, waandikishwe, ndipo wapelekwe makwao. Haukuwezekana. Watu walijaza barabara kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ikabidi waachwe watembee hadi komini zao, waandikishwe huko. Mashirika yakapanga maji, biskuti na waganga kando ya barabara ya kuelekea Ruhengeri. Kwa hiyo mara hiyo moja, kwa kulazimishwa na wingi wa watu, wenye ofisi walifanya kama yule mama wa Rubona: maji kwanza, majina baadaye.

UMUBANO NA MUDENDE

Wakati huohuo sisi tuliotoka Masisi, nchi ikiitwa bado Zaire, tulikuwa tumewekwa Gisenyi, wengine katika kambi ya Umubano karibu sana na mpaka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema wazi kwamba wakimbizi wakae mbali ya kutosha na mpaka wa nchi waliyoikimbia, kwa usalama wao. Kambi ya Kiziba, kule Kibuye, ilifunguliwa mwezi Desemba 1996. Wengine walipelekwa Mudende, kwenye majengo ya chuo kikuu cha Waadventista, mbali zaidi na mpaka kuliko Umubano.

Mudende haikuwa mbali ya kutosha. Ilishambuliwa usiku mwezi Agosti 1997, wakauawa watu zaidi ya 100, ikashambuliwa tena mwezi Desemba mwaka uleule, na safari hii waliokufa walikuwa mamia. Waliobaki walihamishiwa Byumba, kwenye kilima chenye baridi cha Gihembe, na huko walikaa mpaka kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2021 kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yakiikata ardhi, wakapelekwa Mahama. Siandiki zaidi juu ya usiku ule. Wenye haki ya kuueleza ni wale waliokuwemo.

Nitaje jambo moja tu linalohusu nyumba yetu. Baada ya Mudende hakuna mkimbizi wa kutoka kwetu anayeweza kulalamika kwamba kuna uzio na mlinzi langoni. Tunavitaka. Shida ilikuja kidogo kidogo, bila mtu kuikusudia: mlinzi akawa karani wa kwanza. Yeye ndiye anayeuliza, "Umefuata nini?" Yeye ndiye anayeamua shida ipi ni ya leo na ipi ni ya Alhamisi. Kazi hiyo hakuisomea, na mara nyingi hata hakupewa. Ameachiwa tu, kwa sababu ndiye aliyesimama pale.

MLIMA ULIPOWAKA

Habari ya mwaka 2002 nataka niikalie kidogo, kwa sababu ina funzo kwa wale wanaochora ramani.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka na moto wake ukashuka hadi katikati ya Goma, ukakata mji vipande viwili na kuingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Gisenyi usiku na siku iliyofuata, wakiwa na magodoro kichwani, cherehani, watoto na mbuzi. Mashirika na serikali yalitayarisha kambi mbili, Nkamira na Mudende, kilomita kama 20 ndani ya nchi. Sababu zilikuwa nzuri: ardhi ilikuwa ikitetemeka Gisenyi nako, maji safi yalihitaji kupelekwa mahali penye nafasi, na hakuna aliyetaka kipindupindu kingine.

Walio wengi hawakwenda. Walilala barabarani, kwenye viwanja vya makanisa, vibarazani mwa watu, na baada ya siku chache walianza kurudi Goma wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Watu wa nje walishangaa: inakuwaje mtu anakataa hema na chakula, anarudi chini ya volkano? Lakini mtu wa Goma alikuwa na hesabu zake. Nyumba iliyobaki ikiachwa itaporwa. Mtoto aliyepotea atatafutwa mjini, hatatafutwa kilomita 20 kutoka mjini. Biashara ya kila siku haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Na nimewasikia baadhi ya waliokuwepo wakisema kwamba jina Mudende peke yake liliwatosha kugeuza njia.

Hema hazikuwa mbaya. Waliozichagulia mahali walijua maji, malori na usalama. Hawakupata nafasi, au hawakuona haja, ya kumwuliza mwenye shida yeye mwenyewe anataka kuwa karibu na nini. Jibu lingekuwa rahisi, kwani watu walikuwa wakilitoa kwa miguu yao: karibu na nyumba zao. Msaada ulipofika pale watu walipokuwa, ulipokelewa.

Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, mlima uliwaka tena. Maelfu walivuka usiku uleule, na wengi walirudi asubuhi walipoona moto umesimama kabla ya kuingia katikati ya mji. Siku chache baadaye wengine walivuka tena, serikali ya Kongo ilipoamuru sehemu ya Goma ihamwe.

NKAMIRA

Kwa wengi waliokuja baadaye, neno "kupokelewa" maana yake ni Nkamira. Ni kituo cha mapito, katika wilaya ya Rubavu, penye baridi ya mlimani. Mwishoni mwa Aprili 2012, mapigano yalipoanza tena Masisi, watu walimiminika huko kuliko nafasi iliyokuwepo, hata ikabidi kambi ya Kigeme ifunguliwe mwezi Juni mwaka huohuo. Kuanzia Novemba 2022 kikajaa tena kwa vita vya Kivu Kaskazini, na watu wakawa wakihamishiwa Mahama kwa makundi. Mwezi Januari 2025, Goma ilipotekwa, mpaka wa Rubavu ulivukwa tena, na mara hiyo hata wafanyakazi wa mashirika walivuka na mabegi yao. Wengine wameniambia kwamba siku ile ndipo walipojua foleni ya mpakani ina urefu gani.

Kituo cha mapito hujengwa kwa hesabu ya siku. Kuna hanga kubwa za shitingi, familia nyingi chini ya paa moja, jiko la pamoja, chakula kilichopikwa tayari. Kwa siku tatu ni neema. Lakini mtu akikaa miezi, mambo yaleyale yanageuka: mama hawezi kumpikia mtoto mgonjwa uji wake, baba hana pa kuzungumza na mkewe bila majirani kusikia. Nataja hili kwa sababu nyumba yetu ya msaada nayo ilijengwa hivyo. Ilikuwa hanga la kugawia jeto. Meza iliwekwa barazani kwa sababu watu walikuwa wanapita tu, kila mmoja dakika moja. Kisha kazi zikaongezeka, za vitambulisho, ugomvi wa ndoa, watoto wasio na wazazi, rufaa za hospitali, na meza ikabaki palepale barazani.

Wengine watasema siku hizi foleni zimepungua. Ni kweli. Tangu mwaka 2014, kuanzia Gihembe, msaada wa chakula ulianza kutolewa kwa fedha badala ya mahindi na maharagwe, na foleni ile ndefu ya rasheni ikaondoka. Waliobaki kuja ofisini ndio wenye shida nzito: bibi asiyeweza kusoma ujumbe wa simu, kijana ambaye kadi yake imekataa, mke ambaye fedha za nyumba zote ziko kwenye simu ya mume. Hawa hawahudumiwi kwa dakika moja.

ISANGE

Mfano mzuri tunao hapahapa Rwanda, wala hatuna haja ya kuufuata Ulaya. Mwaka 2009, katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, kilifunguliwa kituo cha Isange kwa ajili ya walioumizwa na ukatili wa nyumbani na wa kingono. Kabla ya hapo mtu aliyebakwa alikwenda polisi akaeleza, akatumwa hospitali akaeleza, akatumwa kwa mwanasheria akaeleza tena. Wengi waliishia njiani. Isange iliweka mganga, polisi, mshauri na mwanasheria chini ya paa moja, ili anayezunguka awe mfanyakazi, na mgonjwa akae. Baadaye vituo hivyo vilienezwa katika hospitali za wilaya. Hata jina lina maana: ni neno la Kinyarwanda la kumwambia mgeni ajisikie yuko kwake.

Majirani zetu Kenya nao, mwaka 2013, walianza vituo vya Huduma kwa mambo ya kawaida ya vyeti na vitambulisho, ofisi nyingi katika jengo moja. Wazo ni lilelile, ingawa anayetafuta cheti cha kuzaliwa na aliyepigwa usiku hawawezi kungoja kwenye benchi moja.

Kwa nini ninasisitiza chumba cha kufungwa? Miaka iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilikuwa mkalimani wa kujitolea. Alikuja dada mmoja asubuhi, akasimama kwenye foleni ya barazani. Karani alimwuliza kwa sauti ya kawaida, wala si kwa ukali, "Shida yako ni nini?" Nyuma yake walikuwepo watu kama 15, na wawili walikuwa jirani zake. Akasema amekuja kuuliza habari ya sabuni. Akapewa jibu la sabuni, akaondoka. Mimi niliona uso wake, na sikufanya kitu. Alirudi baada ya wiki tatu, akamwambia mkunga. Wasomaji wengi mnajua kwamba dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Ofisi ile ilikuwa na dawa hiyo karibu, na gari la kumpeleka mtu lilikuwepo. Kilichokosekana ni ukuta na mlango.

NYUMBA YETU

Sasa niseme kinachofanyika. Fedha zilizopatikana hazitoshi kwa yote tuliyoomba, na katika kamati tulibishana sana, mikutano mitatu. Wengine walitaka uzio wa mabati na kibao kikubwa cha rangi, kwa kuwa wageni wakija wakiona kibao watajua kazi inafanyika. Siwacheki, kibao kimeletea kambi nyingine wafadhili. Lakini wamama wa kamati walikataa kabisa. Mmoja wao alisema kibao hakimzuii mtu mvua.

Tulichokubaliana ni hiki. Mlango unahamia upande wa njia ya nyumba za watu, uondoke upande wa barabara ya magari, ambako kila anayeingia huonwa na soko zima. Baraza linaezekwa na kuwekwa mabenchi, na bomba linavutwa hadi pale pamoja na vikombe, ili anayefika anywe kabla ya kuulizwa. Ngazi mbili za mbele zinavunjwa na kuwekwa mteremko kwa wenye magongo na viti vya magurudumu. Kile chumba cha stoo kinakuwa chumba cha mazungumzo, nacho kina milango miwili, ya kuingilia na ya kutokea, anayetoka asipite mbele ya wanaongoja. Shitingi na majembe yaliyokuwemo bado hatujayapatia mahali, na anayejua penye nafasi atuambie.

Juu ya mlinzi, hapo hatujakubaliana. Pendekezo langu ni kwamba lango libaki lake kwa mambo ya usalama tu, na baina yake na karani awepo mtu wa kwetu, mama au mzee, anayejua Kinyarwanda, Kiswahili na Kirundi, ambaye kazi yake ni kumkaribisha mtu na kumwonyesha pa kukaa bila kumwuliza shida yake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini kuna makarani ambao bado hawakisemi, na mtu wa Kalehe au Bunyakiri hawezi kueleza maumivu ya tumbo kwa ishara. Wenzangu wengine wanaona mtu huyo atakuwa mdomo mwingine wa kulipwa posho, na fedha hizo ni bora zinunue mabati. Jambo hilo litarudi kwenye mkutano ujao, na ndugu wa mashirika mnaombwa mfike, kwa sababu posho ile itatoka kwenu au haitatoka.

Neno la mwisho la kubishana lilikuwa tuitwe nani kwenye fomu mpya. Tumewahi kuitwa vichwa, tukaitwa kesi, tukaitwa walengwa, tukaitwa wanufaika. Sasa mashirika yanapenda "wateja". Mzee mmoja aliuliza: mteja anaweza kwenda duka la pili, sisi duka la pili liko wapi? Tulicheka, lakini hakujibiwa. Fomu imeandikwa "jina", na nafasi ya kulijaza.

Kuvunja ukuta wa stoo kumekwisha na mafundi wako kwenye paa la baraza. Mpaka watakapomaliza, watu wanapokelewa katika chumba cha mikutano kwa mlango wa nyuma, asubuhi kwa mambo ya kadi na simu, na mchana kwa wenye mazungumzo ya faragha. Asiyeweza kupanda ngazi za nyuma amtume mtoto au jirani, atafuatwa alipo.